Kabla ya Mkono wa Kwanza

Wengi wetu tunaamini kwamba rangi kazi yake ni kuficha. Ukuta ukichakaa, ukiota madoa ya mikono ya watoto au ukiwachosha wenyeji kwa maua yale yale ya kila siku, tunaagiza kopo la rangi na kumwita fundi. Anayepaka rangi juu ya karatasi ya ukutani hugundua mapema kwamba mambo huenda kinyume. Rangi ya maji ikiigusa karatasi, karatasi huinywa. Ikisha kuinywa, hutanuka. Gundi iliyo nyuma yake, ambayo mara nyingi huyeyuka kwa maji, hulegea. Pale palipokuwa pameshikana sawasawa hubaki palivyo. Pale palipokuwa pameachana chinichini kwa miaka huinuka malengelenge. Maungio yaliyokuwa hayaonekani hujikunja midomo. Wino mwekundu uliokuwa umetulia ndani ya ua hupenya na kutokeza juu ya rangi nyeupe kama doa la damu kwenye shuka. Rangi haikuyaleta hayo. Yalikuwapo, nayo imeyatoa hadharani.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sijaona mahali methali hiyo inapothibitika kwa haraka na kwa uwazi kama kwenye ukuta wa namna hii. Ndiyo maana naamini kwamba kazi ya kupaka rangi juu ya karatasi humalizika, kwa uzuri au kwa ubaya, kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Siku zile ambazo mpita njia akichungulia haoni kilichofanyika ndizo zinazoamua sebule itakavyokuwa miaka mitano baadaye.

Karatasi za ukutani si ngeni tena kwetu. Ziko Kariakoo, ziko katikati ya Nairobi na Mombasa, zimesimamishwa dukani kwa marobota: za matofali ya kuigiza, za marumaru ya kuigiza, za majani ya migomba, za maua ya dhahabu. Robota la kawaida lina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10 hivi, kwa hiyo hufunika zaidi kidogo ya mita 5 za mraba. Kuna zinazobandikwa kwa gundi ya kukorogwa, na kuna zinazokuja na gundi yake mgongoni. Zimependwa kwa sababu zinaeleweka. Kwa alasiri moja chumba hubadilika sura, hakuna harufu ya rangi, na nyufa za lipu hutoweka machoni.

Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha. Mara nyingi karatasi yenyewe ilibandikwa ili kufunika kitu: lipu iliyopigwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo, ufa uliojitokeza juu ya mlango, alama ya maji yaliyovuja kutoka bafuni. Anayekuja baadaye na brashi yake hurithi kifuniko cha mtu mwingine pamoja na kile kilichofunikwa. Kabla ya kuuliza atapaka rangi gani, ana haki na wajibu wa kuuliza karatasi hii iliwekwa kwa nini.

Wapo wanaosema kwamba fundi anayejiheshimu hubandua kila kitu mpaka kwenye lipu, na kwamba kupaka juu ya karatasi ni uzembe. Siwezi kukubaliana nao kwa jumla. Karatasi na rangi zimeishi pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 1712 serikali ya Uingereza iliweka kodi kwenye karatasi zilizopigwa chapa au kupakwa rangi, peni moja kwa kila yadi ya mraba. Watu wakatafuta njia: walinunua karatasi tupu isiyo na nakshi, wakaibandika ukutani, kisha wakaita mchoraji aipambe pale pale. Kodi ile haikufutwa mpaka mwaka 1836. Kule Ujerumani, mwaka 1864, mfamasia aliyeitwa Hugo Erfurt alibuni karatasi yenye chembe za mbao ndani yake, ambayo baadaye ilienea ukutani katika nyumba nyingi za nchi ile. Karatasi hiyo hubandikwa ikijulikana tangu siku ya kwanza kwamba itapakwa rangi, na itapakwa tena, kila mpangaji anapohama na mwingine kuingia. Ndugu zetu waliopanga vyumba Berlin au Hamburg wanaijua kwa vidole: ukuta wenye vipele vidogo vilivyozama katika tabaka za rangi nyeupe.

Kwa hiyo kupaka juu ya karatasi si dhambi. Linaloamua ni karatasi ya aina gani, imeshikwa na nini, na nyuma yake kuna nini. Maswali hayo matatu hayajibiwi na muuza rangi wala na picha za kwenye simu. Hujibiwa na mkono.

Chukua sponji yenye maji na uifute karatasi mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya dirisha. Maji yakizama na karatasi ikabadilika rangi, hiyo ni karatasi halisi, nayo itainywa rangi yako pia. Maji yakikusanyika matone na kuteremka, hiyo ni plastiki, na rangi haitaishika mpaka uikwaruze kwa msasa na kuipaka praima inayong'ang'ania sehemu laini. Kisha pitisha kiganja ukutani polepole, kutoka juu hadi chini, na gonga kwa kifundo cha kidole. Palipo na sauti ya uwazi, gundi imeachia. Nusa kwenye kona. Harufu ya ukungu haidanganyi. Bandua ncha moja kidogo na uone kinachofuata: je, lipu inabaki ukutani au inakuja na karatasi mkononi? Ikija na karatasi, jua kwamba lipu ndiyo imekuwa ikishikiliwa na karatasi muda wote huo.

Napenda uchunguzi huu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi, kwa sababu unamlazimisha mtu kuijua nyumba yake. Tunaishi miaka mingi katikati ya kuta tusizowahi kuzigusa. Tunajua bei ya kochi na ukubwa wa runinga, lakini hatujui ukuta upi hulowa mvua za masika zinapoanza, wala upande upi jua la mchana huukausha mpaka ukatoa ufa. Anayejiandaa kupaka rangi juu ya karatasi hana budi kuyajua hayo, na akishayajua hukaa ndani ya nyumba ile kwa namna nyingine.

Katika pwani yetu swali la unyevu huja kabla ya mengine yote. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hubeba maji mwaka mzima, na nyumba nyingi zilijengwa bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi, hivyo ukuta hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha. Ukuta ulio wazi huyatoa maji hayo hewani taratibu. Ukuta uliovikwa plastiki hauwezi. Maji hukaa nyuma ya karatasi, wanga wa gundi ukawa chakula cha kuvu, na madoa meusi yakaanza kuenea mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kupaka rangi juu ya hali hiyo ni kuongeza kifuniko juu ya kifuniko huku maradhi yakiendelea. Hapo jibu ni moja: bandua, kausha, tafuta maji yanatoka wapi, ndipo uzungumze habari za rangi.

Historia ina onyo zito kuhusu yanayoendelea nyuma ya karatasi. Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele, aliyefanya kazi zake Sweden, alitengeneza rangi ya kijani kutokana na shaba na arseniki. Katika karne iliyofuata kijani cha arseniki, hicho na vingine vilivyokifuata, kilipamba karatasi za ukutani Ulaya nzima, katika vyumba vya kulala na vya watoto. Watu walipougua, wengi hawakuamini kwamba ukuta unaweza kumdhuru mtu. Katika miaka ya 1890 daktari wa Italia, Bartolomeo Gosio, alionyesha kwamba kuvu wanaoota penye unyevu wanaweza kuigeuza arseniki kuwa gesi. Karatasi tunazonunua leo hazina kijani kile. Somo lake limebaki: ukuta una maisha yake hata baada ya kufunikwa. Na kwa nyumba kongwe kuna tahadhari nyingine, kwani chini ya karatasi huenda kukawa na rangi ya zamani yenye madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Nyumba zilizopakwa zamani hazikubadilika kwa sababu ya sheria. Rangi hiyo ikipigwa msasa, vumbi lake huingia kwenye mapafu ya fundi na kuanguka sakafuni watoto wanapotambaa. Katika nyumba ya namna hiyo, karatasi iliyoshika vizuri ni heri iachwe mahali pake.

Tuseme basi uchunguzi umetoa jibu jema: karatasi ni moja tu, imeshika, ukuta ni mkavu. Kazi inaanza kwa kufagia na kuosha. Moshi wa jikoni, mafuta ya nywele penye viti, vumbi la barabarani, vyote huzuia rangi kushika, na hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, pasiwe na maji mengi. Kisha ukuta uachwe ukauke. Baadaye maungio yaliyoinuka hupakwa gundi kwa brashi ndogo, yakakandamizwa kwa kigurudumu au kwa kitambaa safi. Pasiposhika pakatwe kwa wembe na kipande kitolewe. Kung'ang'ania kipande kilichokwisha kufa hakuna faida. Mashimo na mistari ya maungio hujazwa puti, tabaka nyembamba, ikakauka, ikafuata nyingine. Halafu msasa laini wa namba 120 au 150, kwa mkono mwepesi, kwa maana karatasi ikichanika nyuzi zake husimama na hazilali tena.

Baada ya hapo huja praima, na hapa ndipo watu wengi hutafuta njia ya mkato. Kwa kuwa ni maji yanayolegeza gundi, praima ya kwanza juu ya karatasi inatakiwa iwe isiyo na maji: ya mafuta, au ya shelaki. Shelaki ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Hukwanguliwa, ikasafishwa, ikayeyushwa kwenye spiriti. Ikipakwa hukauka haraka na kufunga karatasi, hata wino hauwezi kupenya. Praima ya mafuta huchukua muda zaidi, mara nyingi siku nzima. Harufu yake ni kali, madirisha lazima yafunguliwe, na wazee na watoto walale chumba kingine. Gharama hizo ndizo huwafanya watu waseme rangi ya maji itatosha. Ukishaona karatasi ikivimba mbele ya macho yako utajua kwa nini haitoshi.

Hata hapo kuna hekima ya kusubiri. Lengelenge dogo linalotokea rangi ikiwa mbichi mara nyingi hulala lenyewe rangi inapokauka na karatasi kurudi kwenye kipimo chake. Mwenye papara hulipasua kwa wembe likiwa limelowa, akaacha kidonda ambacho kisingekuwapo. Mwenye subira hungoja kesho yake, ndipo akatibu lililobaki: mkato mdogo, gundi kidogo, kidole, puti. Ndiyo maana pia mafundi wazuri hujaribu kwanza sehemu ndogo, upana wa meza, wakaiacha usiku kucha kabla ya kuamua juu ya chumba kizima. Usiku huo mmoja huokoa wiki.

Kuna jambo lingine ambalo hulisikii likisemwa dukani. Karatasi ikishapakwa rangi, kuibandua baadaye huwa vigumu mara nyingi zaidi, maana maji au mvuke wa kulegeza gundi hauwezi tena kupita kwenye rangi. Atakayetaka kuitoa itambidi aitoboetoboe na kuikwaruza kipande kwa kipande. Uamuzi wa kupaka, kwa hiyo, unamfunga mtu ambaye bado hajaingia nyumbani: mpangaji ajaye, mnunuzi, mtoto atakayerithi. Nyumba hupokezanwa. Mwaka 1911, wakati wa ukarabati katika chuo cha Christ's College, Cambridge, kilipatikana kipande cha karatasi ya ukutani ya mwaka 1509 hivi, kati ya zile kongwe kabisa zinazojulikana Uingereza. Nakshi yake ilikuwa imepigwa chapa mgongoni mwa karatasi iliyokwisha tumika, yenye tangazo la kutawazwa kwa mfalme Henry VIII. Aliyeibandika hakufikiri kwamba kuna mtu atakayeusoma ukuta wake karne nne baadaye. Kila tabaka tunaloacha lina msomaji wake.

Sisi tuna mafunzo yetu juu ya hilo, tena ya karibu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu, ulioingizwa mwaka uliofuata, kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mapambo ya ukuta hayakubandikwa. Yalichongwa kwenye lipu yenyewe, na zidaka za Lamu, vile vishubaka vya ukutani, zingali zikiwashangaza wageni. Kuta hizo hupakwa chokaa tena na tena, tabaka juu ya tabaka, na chokaa huruhusu unyevu kutoka. Ukizifunika kwa saruji, kwa rangi ya mafuta au kwa karatasi ya plastiki, maji hunaswa ndani na lipu huanza kumeguka. Hata chokaa yenyewe ikipakwa bila kukwangua iliyolegea hujaza michongo mpaka ua likapoteza petali zake. Mafundi wa zamani walijua kwamba kabla ya kupaka kuna kukwangua, na kwamba kifuniko kizuri ni kile kinachouacha ukuta ufanye kazi yake.

Kinachonisikitisha leo ni namna tunavyoithamini kazi hii. Tunakubaliana na fundi kwa chumba, tena wiki moja kabla ya Idd, Krismasi au harusi, wageni wakiwa wameshakata tiketi. Siku ya kwanza yuko chini anafuta vumbi. Siku ya pili anapiga msasa. Siku ya tatu mwenye nyumba anasimama mlangoni na kuuliza, "Fundi, mbona rangi siioni?" Naye hujibu kwa heshima, "Mama, puti haijakauka." Mama haridhiki. Kesho yake fundi, ambaye ana watoto wa kulisha na kazi nyingine inayomngoja, anafungua kopo. Kila mtu anafurahi mpaka mvua za kwanza. Baadaye tunasema mafundi wa siku hizi hawaaminiki, ilhali sisi ndio tulioinunua haraka ile na tukakataa kulipia subira.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ya pwani tunaitumia tukivitazama vyombo baharini, na tunasahau kuitumia ndani ya sebule zetu. Ukuta ulionyooka, ambao taa ikiwashwa pembeni yake haitoi kivuli cha mshono hata mmoja, umeundwa. Kuna mtu aliyepiga magoti chini yake, akajaza, akangoja, akasugua, akafuta, akajaza tena. Kazi yake ikifanikiwa haionekani kabisa, na hiyo ndiyo alama ya kufanikiwa kwake. Ni haki ilipwe kwa jina lake: siku za maandalizi ziandikwe kwenye makubaliano, ziwe na bei yake, zisiingizwe kimyakimya ndani ya bei ya rangi.

Naomba basi, msomaji wangu, siku utakapochoka na maua ya ukutani kwako, usianze na rangi. Anza na sponji na kiganja. Ukikuta unyevu, ukungu, plastiki inayobanduka au karatasi mbili zilizobebana, bandua zote, hata kama sikukuu itakukuta na ukuta mtupu. Ukikuta karatasi moja kavu iliyoshika, ioshe, izibe, ipige msasa, ifunge kwa praima isiyo na maji, kisha ipake bila woga wala aibu. Na kama umemwita fundi, mwambie tangu mwanzo kwamba zile siku zisizo na rangi utamlipa sawa na zile zenye rangi. Ukishindwa kuzitoa siku hizo, ziache karatasi zako zilivyo mpaka utakapoweza.